Mafungo ya Siku Nane: Nilichokilipia na Nilichokipata

Nimesubiri miezi saba kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu huduma ninayoizungumzia haiwezi kupimwa siku ile unayofunga begi na kurudi nyumbani. Mwezi Julai nilifanya mafungo ya kimya ya siku nane, yaani siku za kujitenga kwa ajili ya sala, yanayofuata Mazoezi ya Kiroho, mwongozo wa sala na tafakari ulioandikwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika nyumba ya mafungo ya Kikatoliki iliyoko milimani, kaskazini mwa Tanzania. Jina la nyumba nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina malalamiko ambayo sipendi yawaangukie watu wachache wanaoiendesha kwa shida, na kwa kuwa ninachotaka kukipima hasa ni utaratibu wenyewe, ambao ni ule ule katika nyumba nyingi zinazotoa mafungo ya aina hii. Nililipa shilingi 45,000 kwa siku, yaani 360,000 kwa siku zote nane, na kwa fedha hizo nilipata chumba cha peke yangu, milo mitatu, chai ya saa nne na ya saa kumi, Misa ya kila siku, na Sista mmoja mzee niliyekutana naye kila asubuhi kwa muda usiozidi dakika arobaini.

Ni lazima nieleze nilikwenda na nini, maana bila hilo tathmini haitaeleweka. Mimi ni mhasibu, nimefanya kazi benki kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeshikilia mpango wa kuacha kazi ili mimi na mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa elimu maalumu, tuanzishe kituo cha kulea watoto wenye usonji. Nilikuwa nimeandaa bajeti ya miaka mitatu, makisio ya wafadhili, ramani ya jengo na hata rangi ya geti, jumla kurasa kumi na nne, na zote nilizipakia kwenye begi pamoja na Biblia. Kusema kweli sikwenda kumwuliza Mungu kitu chochote. Nilikwenda kumpelekea faili asaini.

Kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria semina mbili za kugundua kusudi la maisha, zile zinazofanyika kwenye kumbi za hoteli jijini Dar es Salaam, ambako unapewa fulana, daftari na dodoso la kujaza, kisha mnenaji anakuhakikishia kwamba ndani yako kumezikwa hazina ambayo hakuna mwingine aliyepewa. Sikatai kwamba zilinichangamsha. Lakini uchangamfu wa semina ya kwanza uliishia kwenye foleni ya Ubungo siku hiyo hiyo, na ule wa semina ya pili ulidumu wiki moja zaidi kwa sababu tu nilikuwa nimeshatoa sadaka kubwa na niliona haya kukiri kwamba sikupata kitu. Naitaja tofauti hii mapema kwa kuwa wengi wanaoniuliza habari za mafungo wanadhani ni semina ile ile iliyozimwa vipaza sauti, na sivyo.

Siku ya kwanza Sista alinipa karatasi moja yenye sehemu fupi inayoitwa Kanuni na Msingi, ambayo Inyasi aliiweka mlangoni mwa mazoezi yake. Inasema kwamba binadamu ameumbwa ili amsifu, amheshimu na amtumikie Mungu, na kwa njia hiyo aiokoe roho yake. Vitu vingine vyote vimeumbwa kwa ajili ya kumsaidia kufikia hapo, naye avitumie kwa kadiri vinavyomsaidia na aviache kwa kadiri vinavyomzuia. Niliisoma kwa haraka ya mtu anayejua katekisimu, halafu nikaisoma tena na kuona kwamba imenipokonya swali nililokuja nalo. Kwenye semina kusudi lilikuwa siri ya mtu binafsi inayotafutwa. Hapa kusudi limeshatajwa, ni moja kwa mfalme na kwa muuza mchicha, na kinachobaki kutafutwa ni njia tu. Benki ni njia na kituo cha watoto ni njia. Nilikuwa nimekiita kituo kusudi langu kwa miaka miwili, na karatasi moja ilikuwa imekishusha cheo kabla ya chai ya saa nne.

Karatasi hiyo inaendelea kudai jambo gumu zaidi, kwamba kwa upande wetu tusitake afya kuliko ugonjwa, utajiri kuliko umaskini, heshima kuliko kudharauliwa, wala maisha marefu kuliko mafupi. Hapa ndipo nina lawama yangu ya kwanza, na ni ya lugha. Tafsiri tuliyogawiwa iliuita mwelekeo huo wa moyo "kutojali", neno ambalo kwa Kiswahili chetu ni tusi: asiyejali ni mzazi anayeacha mtoto barabarani, ni karani anayekuacha ukisimama dirishani huku akichezea simu. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye mafungo alilizungumzia kwa uchungu siku tuliporuhusiwa kuzungumza tena, akisema kwamba alipoteza siku nzima akijilazimisha kutowajali wajukuu wake. Inyasi mwenyewe anatumia mfano wa mizani iliyosimama katikati, haijaelemea upande wowote, na Sista alinieleza kwamba hilo ndilo analoliomba: kwamba kabla ya kitu chochote kuwekwa juu ya mizani, mizani yenyewe isiwe imechezewa. Mtu yeyote aliyenunua nyama buchani anaelewa mfano huo bila kufafanuliwa. Wanaochapisha karatasi hizi wangeandika "kutoelemea" na kutuondolea taabu.

Ratiba ni rahisi kuieleza na ngumu kuiishi. Unasali mara nne kwa siku, saa nzima kila mara, juu ya kifungu cha Injili ulichopangiwa. Baada ya kila saa unakaa robo saa kuandika kilichotokea. Usiku unafanya uchunguzi wa dhamiri wa siku nzima. Na muda uliobaki unatembea, unakula na unalala bila kusema na mtu. Simu zinakabidhiwa ofisini. Mwongozo una kanuni ndogo ambayo naiona kuwa ya werevu mkubwa, kwamba saa ya sala ikikuwia kavu na ukatamani kuikatisha, usiikatishe, bali uongeze muda kidogo juu ya ile saa, ili uzoee kuushinda uzito badala ya kuukimbia. Siku ya pili nilitazama saa ya mkononi mara ishirini na tatu ndani ya saa moja, na najua idadi kwa kuwa mimi ni mhasibu na nilihesabu. Niliongeza dakika mbili kama mwongozo unavyosema, na sikupata maono yoyote katika dakika hizo mbili. Nilichogundua ni kwamba sijawahi, tangu nianze kazi, kukaa mahali ambapo si mimi ninayeamua kikao kiishe lini.

Kuhusu mwongozaji, yaani yule Sista, nitakaa kidogo, kwa sababu ndiye sehemu ya huduma hii yenye thamani kubwa kuliko vyote nilivyolipia. Asubuhi ya siku ya tatu nilimpelekea zile kurasa kumi na nne. Nilimwamkia, akaitikia, nikaziweka mezani na kumwomba aniambie kama yeye, kwa uzoefu wake, anaona Mungu ananiita kwenye kituo. Alizifungua kurasa mbili za mwanzo kwa heshima, akazirudisha kwenye bahasha, akasema, "Mwanangu, hii iweke kwenye droo mpaka siku ya sita. Mimi siwezi kukuambia nenda wala baki. Nikikuambia, utakuwa umenitii mimi." Niliudhika. Baadaye nilifahamu kwamba hilo halikuwa tabia yake binafsi bali sharti la kazi: maelekezo ambayo Inyasi aliwaandikia wanaoongoza mazoezi yanawakataza kumsukuma mtu upande mmoja au mwingine, hata upande ulio mtakatifu zaidi kama kuingia utawani, na yanawataka wasimame katikati kama mizani na kumwacha Muumba ashughulike na kiumbe wake moja kwa moja. Katika nchi ambayo kila kona ina mtu aliye tayari kukutabiria ndoa, safari na cheo, kumpata anayelipwa ili asikuambie la kufanya ni jambo la nadra, na nakiri kwamba ilinichukua siku tatu kuacha kulihesabu kama huduma pungufu.

Alichonipa badala ya jibu ni historia ya mwandishi wa mazoezi yenyewe, kidogo kidogo kila asubuhi, na niliipenda kwa kuwa haikupambwa. Inyasi alikuwa askari mpenda sifa; tarehe 20 Mei 1521 alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, Hispania, na mfupa ulipounga vibaya alikubali ukatwe na kunyooshwa upya ili buti za kiungwana zimkae vizuri. Kitandani alikosa hadithi za mashujaa alizozipenda, akapewa kusoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, na hapo akaanza kugundua kwamba ndoto za sifa zilimfurahisha wakati akiziota na kumwacha mkavu zikishapita, ilhali ndoto za kumfuata Kristo zilimwachia furaha iliyodumu. Mwaka 1522 alikaa miezi mingi Manresa, ambako aliandika maelezo yaliyokuja kuwa Mazoezi haya. Kisha akajiwekea mpango: ataishi na kufa Yerusalemu. Alifika mwaka 1523, na Wafransisko waliokuwa wakisimamia mahali patakatifu wakamwamuru arudi Ulaya. Akaenda kusoma, zaidi ya miaka thelathini ya umri wake akikaa darasani na watoto kujifunza Kilatini. Mwaka 1534, huko Montmartre mjini Paris, yeye na wenzake sita wakaweka nadhiri, na ndani yake mlikuwa na Yerusalemu tena. Safari hii vita kati ya Venice na Waturuki ikawakosesha meli, wakajitoa kwa Papa awatume atakako. Shirika lao, la Wajesuiti, lilikubaliwa rasmi tarehe 27 Septemba 1540. Mwanzilishi wake alitumia miaka yake ya mwisho Roma, mezani, akiandika barua. Sikuwahi kuambiwa hivyo kanisani: kwamba kazi tunayomjua nayo ilijengwa juu ya mpango uliomkatalia mara mbili, naye kila mara alikuwa ameupangia vizuri.

Kuna tawi la kisa hicho linalogusa pwani yetu, na Sista alilieleza kwa fahari kidogo. Fransisko Ksaveri, mmoja wa wale sita, hakuwa chaguo la kwanza kwenda India. Aliyepangwa aliugua, na Ksaveri akatajiwa safari akiwa amebakiza siku moja tu ya kujiandaa. Aliondoka Lisbon Aprili 1541, akakaa Msumbiji kwa karibu nusu mwaka akihudumia wagonjwa, na mwaka 1542 meli yake ikatia nanga Malindi kabla ya kufika Goa. Sisi tunaoandaa bajeti ya miaka mitatu kabla ya kuhama mtaa tuna la kujifunza hapo, ingawa mimi kama mhasibu bado naona Ksaveri angeweza kupewa walau wiki moja.

Usiku wa siku ya nne nilifikia zoezi ambalo kwangu ndilo lililobeba mafungo yote. Inyasi anaeleza watu wa aina tatu, kila mmoja amejipatia dukati 10,000, sarafu za dhahabu za zamani, si kwa njia ya dhambi, lakini pia si kwa ajili ya kumpenda Mungu tu, na wote wanaona kwamba moyo wao umenaswa na fedha hizo na wanataka kujinasua. Wa kwanza anasema atajinasua, na anakufa hajachukua hatua. Wa pili anataka kujinasua, ila kwa namna ambayo fedha zitabaki kwake, hivi kwamba Mungu ndiye aje pale anapotaka yeye. Wa tatu hataki kuzishika wala kuziacha, anataka tu kile ambacho kitamtumikia Mungu vizuri zaidi, na kwa muda huo anaishi kama aliyekwisha kuziachilia. Nilisoma maelezo ya mtu wa pili nikafunga karatasi, nikazima taa. Sikuwa na dukati, nilikuwa na kurasa kumi na nne.

Siku ya tano ndiyo siku mbaya, na hapa lawama yangu kwa nyumba ni kubwa. Uongozi ulikuwa umekodisha ukumbi, ulio mita chache kutoka kanisani, kwa kikao cha kamati ya harusi, na kuanzia saa tano asubuhi tulisali huku mshereheshaji akijaribu vipaza sauti na wanakamati wakitajiwa madeni ya ahadi zao mmoja mmoja. Naelewa kwamba nyumba inahitaji mapato. Ada yetu haitoshi kulipa umeme. Lakini anayelipia kimya ana haki ya kuambiwa mapema kwamba siku moja kati ya nane haitakuwa na kimya. Siku hiyo niliamua kuondoka, na nikiwa bado na hasira niliamua pia kwamba mpango wote wa kituo ni upuuzi na nitaufuta. Sista hakubishana nami kuhusu ukumbi. Alinionyesha tu kanuni inayosema kwamba wakati wa ukiwa wa roho, yaani moyo unapokuwa mkavu na mzito, mtu asibadilishe kamwe uamuzi aliokuwa nao kabla ya ukiwa huo kuanza. Nikabaki, kwa shingo upande. Kanuni hiyo peke yake, ambayo nimeitumia ofisini mara nyingi tangu hapo, ninaikadiria kuwa nusu ya ada yangu.

Siku ya sita aliniruhusu kufungua droo, na hapa nilipata mshangao, kwa maana nilidhani kujiachilia mikononi mwa Mungu kutanikataza kutumia akili. Kinyume chake, niliagizwa kuandika faida na hasara za kuacha kazi, kisha faida na hasara za kutoacha, safu nne, kazi ninayoijua usingizini. Halafu nikaulizwa ningemshauri nini mtu nisiyemfahamu kabisa mwenye hesabu kama zangu, na saa ya kufa nitatamani kuwa nimechagua lipi. Jirani yangu nyumbani, Mwislamu mwenye asili ya Pangani, nilipomsimulia baadaye alicheka na kusema kwamba kwao pia kutawakali kuna masharti: ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu amtegemee Mungu. Safu zangu zilikuwa sawa kwenye karatasi, lakini nilipokuwa nikizipitia kwa sala niliona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miaka miwili. Kila nilipokiwaza kituo, niliiona siku ya ufunguzi: utepe, mgeni rasmi, kibao chenye jina letu. Sikuwahi kumwona mtoto. Mdogo wangu kwa mwaka mzima alikuwa akiniambia kwamba anataka kuanza na watoto sita kwenye baraza ya nyumba yake, nami kila mara nilimjibu kwamba hana maono.

Nilitoka bila sauti yoyote kutoka juu. Siku ya nane tulipewa ile sala ya Inyasi ya kumkabidhi Mungu uhuru, kumbukumbu, akili na utashi, ambayo parokiani kwetu watu huikariri kwenye kila semina tangu dakika ya kwanza. Katika mazoezi imewekwa mwishoni kabisa, na sasa naelewa sababu, kwa maana siku ya kwanza nilikuwa sina hata habari ya vitu nilivyokuwa nimevishikilia. Bado nipo benki. Mdogo wangu alianza Septemba kwenye baraza yake na watoto watano, si sita, na mimi Jumamosi ninamwekea vitabu vya hesabu na kununua maziwa. Kuna Jumamosi ninazokwenda kwa furaha na Jumamosi ninazokwenda nikiwaza lile geti.

Mengine nayapitia haraka. Chakula ni kizuri na hakina mbwembwe: ugali, maharage, mchicha, samaki siku ya Ijumaa, na chai ya tangawizi ambayo ningeilipia peke yake. Maji ya moto hayakuwepo siku tatu kati ya nane, na Julai milimani hilo si jambo dogo. Vitanda ni vigumu lakini safi. Maktaba ina vitabu vingi vya Kiingereza na rafu moja tu ya Kiswahili, jambo ambalo kwa nyumba iliyoko Tanzania linahitaji kusahihishwa.

Simshauri kwenda huko mtu aliyechoka tu na anayehitaji likizo, kwa kuwa sala za saa nne kwa siku zinachosha kuliko kazi. Wala aliye katika msiba mbichi, bila kwanza kuongea na kiongozi wake wa kiroho. Asiyeweza kupata siku nane aulize kuhusu namna nyingine ambayo Inyasi mwenyewe aliiruhusu kwa wenye shughuli, ya kufanya mazoezi nyumbani kwa muda wa saa moja na nusu kila siku huku ukikutana na mwongozaji. Inachukua miezi, lakini haihitaji likizo. Mwenye swali la kweli, hasa yule ambaye tayari ana jibu lake kwenye bahasha, aende. Abebe sweta mbili, tochi, na Biblia yenye maandishi makubwa. Ajiandikishe mapema, maana sikukuu ya Mtakatifu Inyasi ni tarehe 31 Julai na wiki za kuielekea hujaa, na akipiga simu kuuliza nafasi, aulize pia kama ukumbi umekodishwa.